Vikombe vya Bomba la Urembo

Ulikuwa mwaka ule daraja la reli lilipovunjika. La, sio huo. Daraja lilivunjika mwaka uliofuata, kwa sababu boza lililoleta maji siku ya uzinduzi wa bomba lilipita juu ya daraja hilohilo, zima kabisa, likidondosha maji njia nzima kama mtoto aliyetumwa na kikombe kilichojaa. Basi ulikuwa mwaka kabla ya daraja. Mvua zilinyesha vizuri, mito huko mashambani ikafura, na mabomba ya mtaa wa juu yakaendelea kukauka kana kwamba habari za mvua hazijayafikia. Mwaka huo ndio Kigae alipopata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya, na ndiyo iliyommaliza.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa ndani ya kopo la chai lisilo na chai, na huko vyote viwili vilikaa kwa amani. Mtaani aliitwa Kigae. Kazi yake ilikuwa kupanga vigae kwenye mabafu ya watu, na alikuwa amepanga mabafu mengi kuliko aliyowahi kuogea. Bafu likishakauka, mwenye nyumba hufungulia maji aone yanaelekea wapi. Kigae alikuwa akichuchumaa pembeni, magoti yakilia kama mlango wa zamani, akiyatazama yanavyoteremka taratibu mpaka kwenye tundu bila kutuama popote. Hapo roho yake ilitulia. Kisha alikusanya vifaa vyake akarudi nyumbani, ambako bafu lilikuwa mabati matatu na jiwe la kusimamia, na maji yalikuwa yale yaliyobaki kwenye ndoo baada ya mkewe kumaliza kazi.

Mkewe alikuwa dobi, na watu walimwita Dobi, bila kuongeza wala kupunguza. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyoko chini ya kilima, na sare za watoto wa shule, na mashati ya makarani wawili wasio na wake. Maji ya kazi hiyo yote aliyabeba kichwani, kutoka bomba la shuleni lililotoa asubuhi na kunyamaza mchana. Miaka ilivyokwenda, shingo yake ilianza kuinama upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Mwanzoni watu walimtania, na yeye akawatania. Baadaye akawa akikohoa anashika bega. Mhudumu wa zahanati alimpapasa shingo, akamwambia asibebe tena mzigo kichwani, la sivyo siku moja mikono itakufa ganzi isirudi.

"Nisibebe," Dobi akamwuliza, "nifue kwa mate?"

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa wakubwa wa jiji walipoamua kuyasherehekea maji.

Ndivyo ilivyotangazwa. Yangejengwa mabomba ya kunywea sehemu mbalimbali za jiji, apitaye anywe bila kuulizwa, na kila bomba libuniwe na msanii wake ili watu wakumbuke kwamba maji ni neema. La mbele ya ukumbi wa jiji alipewa mchonga mawe, akachonga viganja viwili vikubwa vilivyokingwa. La kituo cha treni alipewa mama mmoja mchoraji. Kwenye kibanda cha kinyozi habari hizo zilipokelewa kwa heshima zote.

"Msiba bila maiti nimeuona," kinyozi alisema. "Sasa wanatuletea harusi bila bibi arusi."

Lakini ni kibandani humohumo jambo lilipoanzia. Bwana wa mradi, kijana mpole ambaye miwani yake haikukubali kukaa juu ya pua, alipanda kutafuta mahali pa kuweka bomba la mtaa wa juu, akaona afadhali anyolewe kabisa maadamu amefika. Kizingitini akasimama mguu mmoja hewani. Chini palikuwa na samaki, kila gamba lake kipande cha kigae kilichobaki kwenye bafu la mtu fulani.

"Huyu samaki nani kamfanya?"

"Yule pale kwenye benchi," kinyozi akasema. "Nilimnyoa miezi mitatu, akanilipa samaki. Hata mchuzi hana."

Bwana wa mradi akakaa kwenye benchi, akamweleza. Kigae akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umekosea njia, baba. Mimi sio msanii, mimi fundi vigae."

"Kuanzia leo ni msanii, mzee."

Kigae hakuwa mtu wa maswali mengi. Aliuliza moja tu. "Na maji yatakuwepo?"

Kijana akacheka, wala hakucheka kwa ubaya. "Mzee wangu, ni bomba la maji. Litakosaje maji?"

Jioni ile alimkuta mkewe anakamua mashuka. Shuka la nyumba ya wageni halikamuliki na mtu mmoja. Kigae akashika ncha ya pili kama kawaida, wakazungusha, huyu kulia huyu kushoto, maji yakachuruzika kwenye beseni ili yatumike tena. Akamwambia wakiwa hivyo, shuka limekaza katikati yao.

"Pale kona?" Dobi akauliza. "Pale kona yetu?"

"Ukitoka mlangoni, kabla hujamaliza kufunga kanga umefika."

"Basi nitabeba kwa mkono."

"Utabeba nini? Utaweka beseni hapohapo ufue."

"Nifue kwenye bomba la wakubwa, nifungwe," akasema, lakini alikuwa akicheka, na shuka likamponyoka likaanguka matopeni, ikabidi wakose raha wote wawili na kulifua upya.

Usiku huo na siku zilizofuata Kigae aliliona bomba lake lote kichwani. Ukuta mfupi, wa kimo cha mtu, wenye mgongo wa duara. Kuanzia chini, foleni ya wanawake wenye ndoo vichwani inapanda ikizunguka ukuta, mmoja nyuma ya mwenzake, mpaka juu kwenye mdomo wa bomba. Na yule wa mbele kabisa, aliyekwisha kufika, hana ndoo. Mikono yake mitupu ameikinga chini ya maji. Huyo hakumwambia mtu ni nani, lakini alimchora na shingo iliyoinama kushoto.

Sasa ndipo alipofanya kosa lake. Fundi mwingine yeyote angekwenda jalalani akajaza gunia la vyombo vilivyovunjika, kazi ikaanza kesho yake. Kinyozi alimwambia hivyo na akajitolea kusukuma toroli. Kigae akakataa. Alisema cha jalalani kina mafuta, hakishiki saruji, jambo ambalo ni kweli nusu, ukikisugua kinashika. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Alitaka kila nyumba itoe kikombe au sahani nzima, inayotumika, na mwenyewe aje akivunje kwa mkono wake. Mtu haharibu bomba lililobeba kikombe chake, alisema. Na tena, hili alimwambia mkewe peke yake, wakubwa wakijua kwamba watu wamevunja vikombe vyao wenyewe kwa ajili ya maji haya, wataona haya kuyafunga. Aliamini hivyo kabisa. Katika mabafu yote aliyopanga, hakuwahi kuona mtu akiweka vigae halafu akaacha kuleta maji.

Aliyepita nyumba kwa nyumba ni Dobi. Mumewe hakuwa na maneno, yeye alikuwa nayo, na hakuna mlango asioujua, maana nguo za watu zinakuambia mengi.

"Shoga, nipe kikombe."

"Unataka maji ya kunywa?"

"Nataka kikombe. Maji nitakuletea mimi."

Wakampa. Wengine walitoa cha pembeni, chenye ufa, naye akawarudishia: kizima, shoga, mume wangu ana masharti kama mganga. Mgumu alikuwa Mama Mapacha, mwanamke mwenye sauti, aliyesimamia foleni ya bomba la shuleni bila kuchaguliwa na mtu. Alikuwa na kikombe cheupe chenye ukingo wa bluu, cha mwisho katika seti aliyopewa na marehemu mama yake siku ya ndoa.

"Hiki nanywea mimi tu," alisema. "Hata baba yao hakigusi."

"Ndicho nilichokifuata."

Mama Mapacha akakigeuzageuza. "Dobi, wewe ndiye unayesema maji yatatoka? Sio mumeo, sio yule kijana wa miwani. Wewe?"

"Mimi," Dobi akasema.

Basi wakaja kuvunja. Kigae alitandika gunia pale kona, wakaweka vikombe ndani ya mkunjo, akawapa nyundo yake ya mpira. Ilikuwa kama mchezo. Mmoja alifumba macho, mwingine alipiga mpaka kikawa unga, Kigae akalalamika kwamba hajaagiza sukari. Mama Mapacha alipiga mara moja tu, akaondoka bila kufunua gunia. Kile cheupe cha ukingo wa bluu Kigae alikitumia kwenye mikono ya yule mwanamke wa mbele.

Mafundi wa jiji walikuja siku moja wakachimba, wakasimamisha bomba la chuma, wakafukia kabla ya Kigae kurudi kutoka kununua saruji. Hakuona walichofukia. Hakuona sababu ya kuona. Yeye kazi yake ilikuwa ukuta. Aliujenga, akaupaka, akabandika kipande kimoja kimoja, na Dobi akawa anamletea chai na kusimama kidogo kutazama. Siku alipomtambua yule wa mbele, aliiweka chai chini.

"Ndoo yangu umeipeleka wapi?"

"Umeitua."

"Mikono mitupu hivyo? Watu watasema nimekuja kuomba."

"Si unakinga maji."

Akasogea, akajigusa pale shingoni, akasema tu, "Umenipendelea pua."

Siku ya uzinduzi yalifungwa maturubai, viti vikapangwa, na lile boza likaegeshwa nyuma ya ukuta wa shule. Mpira mnene ulitoka kwenye boza, ukapita chini ya mkeka, ukaingia mgongoni mwa bomba la Kigae. Yeye aliuona. Alimfuata bwana wa mradi, akamwonyesha kwa kidole akiwa ameuficha mkono ubavuni, kama mtu anayemwambia mwenzake zipu yake imefunguka.

"Ni wa leo tu, mzee," kijana akanong'ona. "Njia kuu bado haijafika huku. Wiki ijayo tunaunganisha."

Mgeni wa heshima akahutubia. Akasema maji ni uhai, jambo ambalo hakuna aliyembishia. Akafungua, na maji yakatoka kwa nguvu, yakaangukia ile mikono ya kikombe cheupe, yakateleza juu ya wale wanawake wote mmoja mmoja mpaka chini, na rangi zikawaka kama zimepakwa saa ileile. Vigelegele vikapigwa. Picha zikapigwa. Watu wakanywa kwa zamu, watoto wakanywa mara mbilimbili. Dobi alikunywa, akanawa uso, akalowesha kitambaa akajiwekea shingoni, akarudi kusimama na wanawake wenzake kifua mbele. Boza lilipoondoka bomba lilidondosha matone mpaka jua lilipozama. Baada ya hapo halikudondosha tena.

Wiki ijayo ikapita, na ijayo yake. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kuhusu yale ambayo hayakuja hawakusema kitu. Mwanzoni mtaa ulicheka. Kinyozi alisema bomba lina haya, halitaki kujisaidia mbele za watu. Likapata jina, bomba la urembo, na mtu akitaka kumsifia mwanamke mzuri asiyejua kazi anamwita hivyo. Kigae aliyasikia na kutabasamu, akaendelea kulifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kikavu.

Alishuka mjini. Alikwenda kwanza kuyaona mabomba ya wenzake, na macho yake yakashiba: viganja vya mawe vilikuwa vinafurika, la kituo cha treni lilikuwa linatoa, mtu anakunywa huku anatazama saa. Akanywa kila moja. Akajaza chupa akamletea mkewe.

"Yakoje?" Dobi akauliza.

"Ya baridi."

Akayanusa, akaonja, akayamimina kwenye sufuria ya chai. "Maji tu," akasema.

Ofisini walimpa benchi. Bwana wa mradi alimpokea vizuri, akamwambia liko kwenye mpango. Mara ya pili, liko kwenye mpango. Mara ya tatu kijana hakuwepo, amehamishwa, na mahali pake alikaa binti mmoja mchangamfu aliyemwita baba na kumvutia kiti.

"La mtaa wa juu?" binti akashangaa. "Lakini lile linatoa maji, baba. Mimi mwenyewe nimeona picha, watu wanakunywa."

"Siku ile lilitoa, mwanangu."

"Sasa si ndiyo?"

Kigae akakirudisha kiti mahali pake. Akaaga. Alipofika nyumbani Dobi alimtazama miguu, jinsi alivyovua viatu, akaenda kuwasha jiko.

Hapo tena mtaa ulikuwa umeacha kucheka. Mama Mapacha alikuja mlangoni asubuhi moja, hakukaribia ndani.

"Nimefuata kikombe changu."

"Shoga, si ulikivunja," Dobi akasema. "Tena kwa mkono wako."

"Nilikivunja kwa neno lako. Mimi sitaki bomba. Niletee maji ya kujaa kikombe kile kimoja, kutoka pale kona, tutakuwa sawa."

"Yatakuja."

"Unajua au unasema?"

Dobi akainama kuokota beseni. Wanawake waliosimama njiani walimwona akiingia nalo ndani.

Kwenye bomba la shuleni kulikuwa na utaratibu wa siku nyingi. Watu hawakupanga foleni, zilipanga ndoo. Unaweka yako toka jana yake jioni, unarudi kulala, na asubuhi inakungoja pale ulipoiacha. Hakuna anayegusa ndoo ya mwenzake. Watu waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya viwanja waliheshimiana ndoo. Ya Dobi ilikuwa ya bluu, kishikio kimefungwa kamba. Asubuhi moja aliikuta mwisho kabisa wa mstari. Akadhani amesahau. Kesho yake ilikuwa mwisho tena. Akatia jiwe ndani.

"Ndoo yangu nani kaisogeza?" akauliza siku ya tatu, kwa upole.

"Labda upepo," mmoja akasema.

"Upepo unaosukuma ndoo yenye jiwe?"

Wanawake wakaangalia bomba. Hakuna aliyemtukana. Maji yalikatika kabla zamu yake haijafika, kama jana, na mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yanamngoja kwenye beseni kavu.

Kigae alitaka kwenda kusema na Mama Mapacha. Dobi akamkataza. "Utamwambia nini? Neno nilitoa mimi." Kigae akataka yeye mwenyewe awe anakwenda kuchota. Akamkatalia hilo nalo. Alisema mwanamume akionekana na ndoo watu watajua kwamba wamemshinda. Kwa hiyo Dobi akaanza kushuka bondeni, kwenye chemchemi ya chini ya miamba, ambako hakuna foleni kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayepanda kile kilima na ndoo kichwani. Aliondoka alfajiri, akarudi jua limekwisha kuwa kali, shingo imelala kabisa begani. Kigae akawa anamngojea kona, amesimama karibu na ukuta wake. Mke akipita humpokea ndoo, na wote wawili hawautazami ukuta.

Siku alipoanguka, njia ilikuwa kavu. Hakuteleza. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walisema alisimama tu, kama mtu aliyekumbuka kitu, halafu mkono mmoja ukaachia, ndoo ikaenda upande huu na yeye upande ule. Nyonga ilivunjika. Hospitali wakamlaza, wakamrudisha, wakasema mfupa wa umri huo hauna haraka. Haukuwa na haraka kweli. Mpaka leo haujafika.

Nyumba ya wageni ikapata dobi mwingine, mwenye mashine. Chumba chao kilikuwa kidogo. Kitanda kikasogezwa dirishani ili apate hewa, na dirisha lilitazama kona. Kigae aliona kosa hilo baada ya siku chache, akataka kukigeuza.

"Kiache," Dobi akasema. "Mikono mitupu uliniwekea. Ndiyo hii, sasa ni mitupu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekiri kwamba picha imefanana.

Kigae akaweka ndoo ya bluu kwenye mstari wa bomba la shuleni. Asubuhi ya kwanza alipofika hakuiona mwisho. Akatazama katikati, hakuiona. Ilikuwa ya kwanza, chini ya mdomo wa bomba, na Mama Mapacha amesimama kando yake, mikono kiunoni, akizuia watu.

"Chota, shemeji," alisema, bila kumtazama.

Akachota. Alitamani wangemtukana. Jioni Mama Mapacha alikuja na uji kwenye bakuli, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kuzungumza habari za mapacha wake, mmoja aliyepata kazi na mwingine aliyepata mimba. Dobi aligeuza uso ukutani, akakaa hivyo mpaka uji ukapoa. Mgeni akanyanyuka, akasema, "Haya, dada, nitakuja tena," na kweli alikuja, mara nyingi, na mara zote uso ulikuwa ukutani.

Ndipo daraja la reli likavunjika, na magari yote makubwa yakaanza kupitishwa mtaa wa juu, na njia ikaonekana nyembamba. Kijiko cha kuchimbia kilifika asubuhi. Dereva wake alikuwa mtu mzima, mstaarabu. Alizima mashine kwanza, akashuka, akautazama ukuta kwa muda.

"Hii kazi ya nani?"

"Yangu," Kigae akasema.

"Nzuri. Pole, mzee. Wameniwekea alama ya barabara, nayo imepita hapa katikati."

"Wewe fanya kazi yako, baba."

Kijiko kilipiga mara moja. Saruji ya Kigae ilikuwa nzuri, ukuta haukusambaratika. Ulianguka kifudifudi, mzima, wanawake wote nyuso chini, na kile kilichobaki kimesimama ardhini kilikuwa bomba la chuma lenyewe. Dereva akaliviringisha mnyororo akalivuta. Kigae alijiandaa kuona maji yakiruka, au angalau mdomo wa bomba jingine lililokatika. Likatoka kwa urahisi, kama jino la mtoto. Lilikuwa na kiwiko, halafu kipande kifupi cha kulala, urefu wa mkono wa mtu. Basi. Mbele yake ulikuwa udongo mwekundu ambao haujawahi kuguswa na jembe.

Ila mwisho wa kile kipande ulikuwa umefungwa nailoni. Kigae akachuchumaa, magoti yakalia. Nailoni ilikuwa imekunjwa mara mbili, ikazungushiwa waya, na waya ukasokotwa kwa koleo, mkia wake ukalazwa vizuri ili usimchome mtu. Aliijua kazi hiyo. Aliiona kwenye mabafu yote. Fundi bomba ambaye hajamaliza hufunga hivyo udongo usiingie, ili atakapokuja kuunganisha akute njia safi. Asiye na nia ya kuunganisha hafungi. Anafukia tu aende zake. Akafungua waya. Ndani ya bomba palikuwa pakavu, pasafi, panang'aa.

Alimwuliza dereva wa kijiko, naye akatikisa kichwa, akapanda mashine yake. Alimwuliza msimamizi wa barabara, aliyemwambia vyuma vikuukuu vinauzwa ng'ambo ya reli. Alishuka ofisini na kile kipande kimefungwa kwenye gazeti, akakiweka juu ya meza ya yule binti mchangamfu, akamwuliza, na binti akakitazama kwa huruma, akasema, "Baba, kitachafua." Aliwauliza mafundi bomba aliowajua na ambao hakuwajua. Kinyozi aliendelea kunoa wembe uliokwisha kunoleka.

Mwisho alimwuliza mkewe. Dirisha lilikuwa wazi, kona ni barabara sasa, malori yanapita na kila likipita sufuria zinagongana. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwekea kile chuma mkononi, akamwonyesha nailoni na waya na jinsi mkia ulivyolazwa. Dobi akakipapasa, akapitisha kidole gumba ndani yake kilivyo kisafi, akakirudisha. Kisha akageukia ukuta, na Kigae, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwuliza, akauuliza mgongo wake swali lilelile alilowauliza wote: yule aliyekaa akaifunga hii nailoni vizuri namna hii, alikusudia kurudi?